Zoni Mpya Imegoma: Kufuatilia Kosa la Nyaya Kwenye Mfumo wa Kupasha Nyumba kwa Maji Moto

Mabomba yameshaungwa, valvu mpya imekaa mahali pake, nyaya zimevutwa hadi chumba kipya. Unapandisha themostati na kusubiri. Kimya. Au boila inawaka vizuri, ila joto linakwenda chumba ambacho hakuna aliyekiombea joto. Au zoni mpya, yaani sehemu ya nyumba yenye valvu na themostati yake, inafanya kazi, lakini zile za zamani ambazo hazikuwahi kusumbua sasa zinasuasua.

Wengi wakifika hapo huanza kuhamisha nyaya. Mwekundu unajaribiwa hapa, wa njano pale, mpaka kitu kinanuka kuungua. Nakuomba usifanye hivyo. Zoni iliyogoma haipigiwi ramli, inapimwa kituo kwa kituo. Mwenye multimita ya kawaida na subira kidogo analipata kosa bila kununua kifaa hata kimoja.

Saketi mbili, si moja

Kama kuna jambo moja ningependa kila anayeongeza zoni alishike kabla ya kugusa bisibisi, ni hili: kila zoni ina saketi mbili. Ya kwanza ni ya ombi. Themostati ikihisi baridi inapitisha umeme kwenda kwenye mota ya valvu, na valvu inafunguka. Ya pili ni ya taarifa. Valvu ikishafunguka hadi mwisho, mkono wa mota husukuma swichi ndogo iliyo ndani ya kichwa cha valvu, na swichi hiyo ndiyo inayoiambia boila iwashe moto na pampu izunguke. Kwenye valvu ya kawaida ya nyaya nne, saketi hizi mbili hazigusani kabisa kwa umeme. Kinachoziunganisha ni ule mkono tu. Makosa mengi ninayokutana nayo kwenye zoni mpya yanatoka kwa mtu aliyezichanganya, au aliyeunga ya kwanza akasahau ya pili.

Neno kuhusu lugha kabla hatujaendelea, maana limeshaleta mtafaruku kati ya mafundi wawili waliokuwa wakiongea kwa simu. Tukisema “imefungwa”, mwenye mabomba anaelewa kwamba maji yamezuiwa, na mwenye umeme anaelewa kwamba umeme unapita. Hapa nitatumia kufunguka na kufunga kwa maji peke yake. Kwa swichi nitasema imegusana au imeachana.

Kwenye mfumo wa volti 24 wenye valvu za nyaya nne, zoni inaungwa hivi. Waya mmoja unatoka upande wa R (umeme unaotoka) wa transfoma, kifaa kinachoshusha umeme wa nyumba hadi volti 24, mpaka R ya themostati. Kutoka W (terminali ya ombi la joto) ya themostati, waya unarudi kwenye waya mmoja wa mota ya valvu. Waya wa pili wa mota unarudi upande wa C (njia ya kurudi) wa transfoma. Saketi ya ombi imekamilika. Kisha nyaya mbili za swichi ya valvu zinakwenda kwenye terminali za boila zilizoandikwa TT, sambamba na nyaya za swichi za zoni nyingine, ili swichi yoyote ikigusana boila ipate taarifa. Zoni mpya haibadilishi chochote kwenye zile za zamani. Inajiunga ubavuni mwao.

Kabla ya kupima

Zima umeme wa boila kwenye swichi yake kuu kila unapohamisha waya, hata kama ni waya wa volti 24. Volti 24 hazitakuua, lakini shoti ya sekunde chache inatosha kuichoma transfoma au bodi ya boila. Pampu na transfoma yenyewe zinalishwa na umeme mkubwa wa nyumba, na huo unaua. Kama hujazoea kazi ya umeme mkubwa, au sheria za mahali ulipo zinataka fundi mwenye leseni, upande huo mwachie yeye. Na usiruke kamwe swichi ya usalama ya boila, iwe ya kikomo cha joto au ya maji kupungua, hata “kwa kujaribu tu”.

Weka multimita kwenye volti za AC. Nimeona mtu akihukumu transfoma nzima kuwa imekufa kwa sababu mita ilisoma sifuri, kumbe kitufe kilikuwa kwenye DC.

Halafu kuna kanuni ya usomaji inayowapotosha hata waliosomea. Kwenye kifaa kinachotumia umeme, kama mota ya valvu, kuona volti 24 kati ya nyaya zake mbili maana yake kinalishwa. Kwenye swichi ni kinyume. Ukiona volti 24 kati ya ncha mbili za themostati au za swichi ya valvu, imeachana. Ukiona sifuri, huenda imegusana na inafanya kazi yake, au umeme haufiki hapo kabisa. Kwa hiyo sifuri kwenye swichi haina maana mpaka uwe na hakika kwamba chanzo kina umeme. Pima chanzo kwanza, siku zote.

Themostati inaomba, valvu haisogei

Anza kwenye transfoma. Kati ya R na C unatarajia volti 24, na transfoma isiyobebeshwa mzigo mara nyingi husoma zaidi kidogo, 26 au 27. Ukipata sifuri, tazama kama umeme mkubwa unaifikia na kama ina fyuzi yake. Transfoma iliyokufa siku uliyoongeza zoni haikufa kwa bahati mbaya. Tafuta shoti kwenye nyaya mpya kabla ya kuweka nyingine, vinginevyo utaua ya pili.

Chanzo kikiwa kizima, nenda kwenye valvu, si kwenye themostati. Pima kati ya nyaya mbili za mota huku themostati ikiomba joto. Ukipata 24 na valvu haisogei, nyaya ziko sawa na tatizo ni kichwa cha valvu, au shina lake limekwama. Lakini subiri kabla ya kuhukumu. Valvu zenye mota ya gia hufunguka ndani ya sekunde chache, ila kuna aina inayofunguliwa kwa kiini cha nta kinachopashwa joto, na hiyo huchukua dakika kadhaa. Nimeshuhudia vichwa vizima vikitupwa kwa sababu mtu alisubiri nusu dakika.

Ukipata sifuri kwenye mota, ombi halijafika. Sasa nenda kwenye themostati, ichomoe ukutani, na uunganishe waya wa R na wa W moja kwa moja. Valvu ikifunguka, nyaya ni nzima na kosa ni la themostati: betri, mpangilio wake wa ndani, au waya uliokaa kwenye terminali isiyo yake. Kosa la mpangilio hutokea sana kwenye themostati za kidijitali, kwa sababu nyingi huhudumia aina kadhaa za mifumo na ukichagua isiyo yako ombi linatokea terminali nyingine. Valvu isipofunguka hata hapo, waya umekatika mahali fulani kati ya ukuta na boila, au W umeungwa kwenye valvu nyingine. Ukisikia valvu ya jirani ikilia badala ya yako, umeshalipata kosa.

Kuna sababu nyingine inayofanana na hii kwa nje, nayo ni jozi za nyaya kubadilishana. Swichi imeungwa mahali pa mota, na mota mahali pa swichi. Themostati inaomba, umeme unafika kwenye swichi iliyoachana, na hakuna kinachotokea. Ubaya wake ni kwamba siku swichi ile itakapogusana huku themostati inaomba, R na C zitakuwa zimeunganishwa bila mzigo wowote katikati. Hiyo ni shoti kamili.

Usiamini rangi peke yake kutambua jozi. Kwenye valvu nyingi za nyaya nne, njano mbili ni za mota na nyekundu mbili ni za swichi, lakini si zote. Zima umeme, achanisha nyaya zote nne, weka mita kwenye omu. Jozi inayoonyesha kiasi fulani cha ukinzani wakati valvu imetulia ni ya mota. Jozi inayoonyesha kwamba hakuna njia kabisa ni ya swichi. Waya mmoja wa jozi hii na mmoja wa jozi ile wasionyeshe uhusiano wowote. Wakionyesha, valvu yako si ya saketi zilizotengana.

Na kweli zipo zisizotengana. Valvu zenye terminali tatu zina mota kati ya 1 na 2, na swichi kati ya 2 na 3. Terminali 2 inashirikiwa. Zinafanya kazi vizuri zikifuata mchoro wake, ila mtu akiongeza valvu ya terminali tatu kwenye mfumo wa valvu za nyaya nne kwa kunakili tu jinsi zile za zamani zilivyoungwa, anaweza kuusukuma umeme wa transfoma ya valvu ndani ya TT. Kama nyumba yako imechanganya aina hizi mbili, weka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kutenganisha kati ya swichi za valvu na boila. Ni kifaa kidogo na kinamaliza ubishi.

Valvu inafunguka, boila haiwaki

Hapa ombi limefika na taarifa imekwama. Jaribu zoni ya zamani. Ikiwasha boila, boila ni nzima na nyaya za TT ni nzima hadi mahali zoni mpya ilipojiungia. Kilichobaki ni swichi ya valvu mpya na nyaya zake mbili.

Pima volti kwenye nyaya za swichi, zikiwa zimeungwa na umeme upo. Boila inatuma volti zake yenyewe kupitia TT, hivyo valvu ikiwa imefunga utasoma takriban 24 hapo. Omba joto. Valvu ikifika mwisho, usomaji unapaswa kuanguka hadi sifuri. Ukibaki 24, swichi haigusani: imechoka, au valvu haifiki mwisho wa safari yake kwa sababu ya takataka za bomba au shina gumu. Ukisoma sifuri tangu mwanzo na boila haiwaki, nyaya zako hazijafika TT.

Kama hata zoni za zamani haziwashi boila tangu ulipofanya kazi, zima umeme, ondoa nyaya zote mbili kwenye TT, unganisha terminali hizo mbili kwa kipande kifupi cha waya, kisha washa. Boila ikiitika, kosa liko upande wa valvu. Isipoitika, liko upande wa boila. Angalizo: boila ambayo maji yake tayari yamefikia kikomo cha joto haitawasha moto hata ukiunganisha TT. Kwenye mpangilio wa kawaida pampu itazunguka, na mlio wa pampu ni jibu tosha. Wengi wameikosea boila heshima kwa kusikiliza moto peke yake.

Kuna kosa moja hapa ninalolichukia kwa sababu ya gharama yake. Mtu anaona TT, anadhani ni mahali pa kulishia boila, anapeleka pale volti 24 kutoka transfoma ya valvu. TT zinataka mguso mkavu tu, yaani swichi isiyo na umeme wake. Transfoma mbili zikikutana kwa bahati mbaya zikiwa kinyume, zinajumlishana hadi volti 48, na bodi ya boila haikujengwa kwa hilo. Kama unashuku transfoma mbili zimekutana, pima kati ya TT wakati nyaya za valvu zimeondolewa, kisha pima nyaya za valvu zenyewe peke yake. Nyaya za swichi zikiwa hewani, bila boila, lazima zisome sifuri, valvu ikiwa imefunga au imefunguka. Zikisoma volti, kuna umeme wa valvu umevuja kwenye saketi ya taarifa.

Nyumba zinazotumia themostati moja kwa boila na kwa kiyoyozi zina mtego wa aina hiyo hiyo. Kila mfumo una transfoma yake, na kwenye kitako cha themostati kuna kiungo kati ya Rc (R ya kiyoyozi) na Rh (R ya joto). Zikija transfoma mbili, kiungo hicho kinatolewa.

Zoni mpya imeingia, za zamani zimedhoofika

Valvu zinalia kwa mtetemo, zinafunguka nusu, transfoma ina joto la kukuondolea mkono. Hapa hakuna waya uliokosewa. Mzigo umezidi.

Transfoma ya kawaida ya mifumo hii ni ya volti-ampea 40, yaani ampea 1.67 kwa volti 24. Valvu ya mota ya gia inayotumia ampea 0.32 inachukua volti-ampea 7.7. Tano zinafika 38.5, nazo bado zimo. Ya sita inafikisha 46.2. Kwa hiyo nyumba iliyokaa miaka na zoni tano bila kero inaharibika siku ya zoni ya sita, na aliyeunga anahangaika na nyaya ambazo hazina kosa. Valvu za kiini cha nta ni nzito zaidi: ile inayovuta ampea 0.9 inakula karibu volti-ampea 22, kwa hiyo mbili tu zikifunguka pamoja zinaimaliza transfoma ya 40 kwa hesabu ya karatasi. Idadi inayoruhusiwa imeandikwa kwenye karatasi ya valvu, ifuate hiyo. Ongeza na themostati zinazokula umeme kupitia waya wa C, maana nazo zimo kwenye mzigo.

Kipimo chake ni chepesi. Omba joto zoni zote kwa pamoja, pima R na C. Volti zikishuka chini ya 20, transfoma imeelemewa au imechoka. Dawa ni transfoma kubwa zaidi, au ya pili inayolisha kundi lake la valvu peke yake. Usiunge transfoma mbili sambamba kwenye nyaya zile zile ukidhani zitasaidiana.

Unaomba joto huku, linakwenda kule

Zoni A na B zikiwa zimebadilishana, tatizo ni nyaya za W zilizobadilishwa kwenye boila, na dakika mbili zinatosha. Kilicho kigumu kidogo ni zoni zote kupata joto kila moja inapoomba. Pima mota ya kila valvu wakati themostati moja tu inaomba. Ukiona 24 kwenye mota zote, nyaya za W zimeungana mahali fulani, pengine chini ya skrubu moja. Ukiona 24 kwenye moja tu na bado mabomba mengine yanapata moto, acha nyaya. Ni maji yanayopita kwenye valvu isiyofunga vizuri, au mkono wa kufungulia kwa mkono ulioachwa upande wa wazi tangu siku ya kujaza maji. Mkono huo nimeukuta umeachwa hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa hiyo ndio ninaoutazama kwanza.

Zoni mpya ikiomba, nyingine zote zinazimika? Kama unatumia sanduku la rilei la zoni nyingi, angalia umeiunga nafasi gani. Masanduku mengi yana nafasi moja ya kipaumbele, iliyokusudiwa tangi la maji ya kuoga, na swichi ndogo ya kuwasha kipaumbele hicho. Nafasi hiyo ikiomba, nyingine zinasimamishwa. Hamisha zoni yako au zima swichi hiyo.

Zoni haizimi

Shusha themostati hadi mwisho. Joto likiendelea, ondoa waya wa W kwenye themostati. Valvu ikifunga, themostati ndiyo mbovu. Isipofunga, nenda kwenye boila na uondoe waya wa W wa zoni hiyo pale. Ikifunga sasa, R na W zimegusana ndani ya ukuta.

Nilikutana na hali hiyo kwenye chumba kilichokuwa kimemalizwa kupakwa rangi. Pini ya kushikilia waya ilikuwa imepigwa kwa nguvu, imepenya ganda na kugusanisha nyaya mbili nyuma ya ubao wa chini. Chumba kilikuwa kama tanuri na mwenye nyumba alikuwa ameshabadilishiwa themostati mara mbili. Mita kwenye omu, nyaya zikiwa zimeachanishwa ncha zote mbili, ilisema ukweli papo hapo: kati ya nyaya mbili ambazo hazikupaswa kujuana kulikuwa na njia. Hakuna namna ya kurekebisha waya wa hivyo zaidi ya kuvuta mwingine. Ukivuta, tumia waya wa themostati wenye unene wa namba 18, uwe na nyuzi zaidi ya unazohitaji leo, na usiulaze ndani ya bomba moja na umeme mkubwa.

Boila kuwaka bila zoni yoyote kuomba ni jambo tofauti. Ondoa nyaya za TT. Boila ikitulia, kuna swichi ya valvu iliyokwama ikiwa imegusana. Rudisha nyaya, kisha achanisha swichi za valvu moja moja, umeme ukiwa umezimwa kila unapogusa, mpaka umpate mchawi. Boila isipotulia hata bila TT, huenda ni tangi la maji ya kuoga linaloomba, au ni boila iliyopangiwa kujiweka na joto muda wote ili kupasha maji ya bomba. Hiyo si hitilafu.

Kila kitu kinawaka, chumba ni baridi

Valvu imefunguka, moto unawaka, pampu inazunguka, na bomba la kwenda zoni mpya lina joto mita chache tu kisha linapoa. Nyaya zako zimemaliza kazi. Hapo ni hewa. Zoni mpya huanza maisha ikiwa imejaa hewa, na pampu ndogo ya nyumbani haina ubavu wa kuisukuma hewa hiyo kutoka sehemu ya juu. Funga zoni nyingine, funga mpira kwenye bomba la kutolea maji la zoni hii, sukuma maji mpaka mapovu yaishe. Kaa karibu na geji wakati wa kujaza: valvu nyingi za usalama hufunguka kwenye baa 2 hivi, nyingine kwenye 3, na sakafu iliyoloa si njia nzuri ya kujua yako ni ipi. Angalia pia mshale kwenye mwili wa valvu. Valvu iliyowekwa kinyume na mwendo wa maji hupiga kishindo inapofunga, na mtu husingizia umeme.

Themostati za kisasa na mota zinazonong'ona

Baadhi ya themostati za intaneti hufanya kazi bila waya wa C. Zinachota umeme kidogo kupitia W, yaani kupitia mota ya valvu, hata wakati haziombi joto. Matokeo yake ni valvu inayotetemeka au kunong'ona usiku kucha, rilei inayogonga-gonga, au themostati inayojizima betri yake ikiisha. Hakuna jozi iliyokosewa hapo. Vuta waya wa C kutoka transfoma ile ile inayolisha valvu, si kutoka boila. C ikitoka transfoma tofauti na R, saketi haikamiliki na themostati haitapata kitu.

Upande mwingine kuna themostati za zamani zenye kipasho kidogo cha kubashiri ndani, kinachokata ombi mapema kidogo ili chumba kisipitilize joto, chenye mshale unaosogezwa kwenye namba za ampea. Mshale huo unawekwa kulingana na mzigo: 0.32 kwa valvu ya gia niliyoitaja, 0.9 kwa ile ya nta. Ukiuacha kwenye namba ndogo kuliko mzigo halisi, zoni inakatika mapema na chumba hakifiki joto ulilotaka. Ukiuweka juu mno, chumba kinapitiliza. Themostati iliyohamishwa kutoka zoni nyingine huja na mpangilio wa huko ilikotoka.

Mfumo wako ukiwa wa volti 230

Valvu hizi zina nyaya tano. Kwa mpangilio uliozoeleka Uingereza, kahawia ni ombi kutoka themostati, buluu ni nyutro, kijivu ni umeme wa kudumu unaoingia kwenye swichi, rangi ya machungwa ni umeme unaotoka kwenye swichi kwenda boila na pampu, na kijani yenye njano ni ya ethi. Mantiki ni ile ile ya ombi na taarifa, ila taarifa sasa inabeba umeme unaoua. Kijivu kina umeme hata themostati zote zikiwa zimezimwa, kwa hiyo zoni iliyotulia si zoni salama kufungua. Waya wa machungwa nao unaweza kuwa na umeme uliorudi kutoka valvu nyingine, kwa sababu yote imeungana. Kijivu cha zoni mpya kitoke kwenye fyuzi ile ile inayolisha boila. Kikitoka kwenye saketi nyingine, atakayezima boila siku moja akidhani umeme umekatika atakuwa amekosea, na mkono wake ndio utakaojua. Ukiwa na shaka hata chembe, mwite fundi wa umeme.

Jaribio la mwisho

Usiondoke baada ya zoni mpya kupata joto mara moja. Shusha zote. Omba moja moja, uguse kwa uangalifu bomba la kila zoni, uandike ipi iliitika. Boila lazima iitike kwa kila moja, na izime kila moja inaposhushwa. Kisha omba zote pamoja na upime R na C kwa mara nyingine, zikiwa zimefunguka kwa robo saa. Mwisho shusha zote kwa pamoja na usikilize mpaka moto uzime na pampu inyamaze.